Kwa Miguu katika Milima ya Usambara

Mtu akisikia habari za milima ya Tanzania, moyo wake hukimbilia Kilimanjaro. Si ajabu, maana mlima ule wenye meta 5,895 hauna wa kulingana nao katika Afrika nzima. Lakini kuupanda ni kazi ya siku nyingi katika baridi kali, na gharama yake humshinda mwalimu mwenye watoto wa kusomesha. Tena, mkisha kuyapita mashamba ya Wachaga na kuuvuka msitu, hamkuti huko juu mtu wa kuongea naye, ila wapandaji wenzenu na wapagazi wao.

Leo twataka kuwaonyesha milima mingine, iliyo upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, katika Mkoa wa Tanga. Ndiyo milima ya Usambara. Vilele vyake virefu hupita kidogo meta 2,200 tu, basi baba, mama, na mwanafunzi mwenye miguu mizima waweza kuizunguka pamoja bila kuugua kichwa kwa sababu ya hewa nyepesi. Na tofauti kubwa ni hii: Usambara ni nyumbani kwa watu, toka bondeni hata ukingoni. Kila njia mtakayopita ni njia ya mtu kwenda shambani kwake, kisimani, sokoni au kwa shemeji yake.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwa wanaofanya mpango ni hili: msianze kwa kuandika orodha ya mahali pa kutazama. Anzeni kwa kuuliza wenyeji wanafanya nini katika majuma yale mnayotaka kufika.

Milima hii hupokea mvua kutoka Bahari ya Hindi, mara mbili kwa mwaka. Masika huanza mwezi wa Machi na kuendelea hata Mei. Vuli huja karibu na Oktoba au Novemba na kuisha Desemba. Wakati wa masika udongo mwekundu wa milimani huteleza kama sabuni, magari hukwama, na wenyeji wana kazi tele mashambani. Mgeni anayefika siku hizo hujitesa mwenyewe, na tena huwasumbua waliomkaribisha. Miezi ya Julai na Agosti ni mizuri zaidi. Anga ni kavu, mahindi ya masika yanavunwa, watu wana chakula na nafasi ya kuzungumza. Kwa bahati njema ndiyo miezi ya likizo kubwa ya shule zetu za Kongo. Lakini chukueni sweta na koti zito, maana usiku wa Julai kule juu ni wa baridi kweli, na ukungu huweza kukaa hata saa nne ya asubuhi. Anayependa jua zaidi, na achague Januari au Februari.

Baada ya mvua, ulizeni siku za soko. Kila mji mdogo wa Usambara una siku yake, nao huziita siku za gulio. Siku nyingine mahali hapo mtaona vibanda vitupu na mbuzi wawili; siku ya gulio mtakuta kilima kizima kimejaa kanga za kila rangi, viazi, kabichi, karoti, maharage, nyanya, vyungu vya udongo, na matunda ya nchi za baridi kama plamu, pichi na peasi, ambayo hukua vema kule. Wakulima hao ndio wanaolisha kwa mboga sehemu kubwa ya miji ya Tanga na Dar es Salaam. Msomaji wetu wa Butembo au wa Masisi, aliyezoea kuona malori ya kabichi yakiteremka mlimani, atajiona yuko kwao. Basi pangeni siku zenu kwa kufuata gulio, wala msitumaini kwamba gulio litawafuata ninyi. Na kama mwezi wa Ramadhani utaangukia siku zenu, mjue kwamba Wasambaa walio wengi ni Waislamu. Mchana hamtakuta wapishi wengi njiani, na si adabu kula barabarani mbele ya watu wanaofunga.

Sasa habari za njia. Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita chini ya milima, mahali paitwapo Mombo. Hapo ni joto na vumbi la nyika. Toka Mombo barabara ya lami hupanda kwa kujipinda kando ya mto, hupita Soni penye maporomoko ya maji, na baada ya kilomita 33 hivi hufika Lushoto. Mtakuwa mmepanda karibu meta elfu moja, na hewa imebadilika kabisa. Wajerumani walipoitawala nchi ile waliupa mji huu jina la Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Walipenda baridi yake. Hata walipanda misonobari ili wajione wako kwao. Jina lao limekufa, Lushoto limebaki.

Kaeni Lushoto siku moja kamili kabla ya kuanza kutembea. Siku hiyo ni ya kuzoeza miguu. Nendeni polepole hata Irente, mwendo wa saa mbili hivi toka mjini. Njiani hapo pana shamba la Kanisa la Kilutheri ambapo huuzwa mkate, jibini na jamu vilivyotengenezwa papo hapo. Halafu njia hufika ukingoni na nchi hukatika ghafla. Chini yenu, karibu meta elfu moja, mtaona nyika yote imetandazwa, na mashamba ya katani, na barabara ile mliyoijia jana, nyembamba kama uzi. Wazazi, washikeni watoto mkono. Hakuna ukuta wa kuwazuia.

Hapo Irente yafaa kukaa kitako na kufahamu jambo moja la nchi hii, maana pasipo hilo safari nzima itakuwa ni kutazama majani tu. Wasambaa wenyewe hugawanya dunia yao sehemu mbili: Shambaai, ndiyo milima yenye migomba, mvua na afya, na nyika, ndiyo tambarare yenye joto, wanyama wakali na magonjwa. Lakini wazee wao hawakujificha katikati ya milima. Vijiji vingi vya kale vilijengwa karibu na ukingo, kama hapa. Kwa nini? Kwa sababu mtu wa ukingoni aliweza kulima migomba na maharage juu, na kuteremka kulima nafaka chini. Mvua ikikosekana upande mmoja, huenda ilinyesha upande wa pili. Wataalamu walioandika habari za watu hawa wameona kwamba hiyo ilikuwa ndiyo kinga yao juu ya njaa. Kwa hiyo mahali hapa, ambapo mgeni husimama kupigwa picha, mwenyeji alipachagua kwa ajili ya chakula cha watoto wake.

Nchi hii pia ilikuwa na ufalme, na habari zake ni tamu. Husimuliwa kwamba mtu mmoja jina lake Mbegha, mwindaji toka nchi ya Nguu, aliota meno ya juu kwanza alipokuwa mtoto. Mtoto wa namna hiyo zamani aliitwa kigego, akaogopwa kama mwenye kuleta msiba. Alipokua, ndugu zake walimnyima urithi, naye akahama na mbwa wake na mikuki yake. Alipofika Usambara aliua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawapa wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Alipatanisha wagomvi pia. Kisha akamwua simba, na watu wa Vuga wakamfanya mfalme. Tangu hapo mfalme wa Usambara huitwa Simba Mwene, na wazao wake ni Wakilindi. Mwandishi mmoja wa pwani aliyekaa Usambara, Abdallah bin Hemedi, alikusanya masimulizi hayo kwa Kiswahili safi katika kitabu chake *Habari za Wakilindi*, ambacho kilipigwa chapa tena Nairobi mwaka 1962. Wanafunzi wanaopenda lugha, wakikipata kitabu hicho, na wakisome kabla ya safari. (Wala wasimchanganye Mbegha na mbega, yule nyani mweusi mwenye manyoya meupe marefu, watakayemwona mitini!)

Mfalme mashuhuri kuliko wote alikuwa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hata mwaka 1862. Mmisionari Krapf alimtembelea kwake Vuga mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Kazi ya mfalme, kadiri ya mawazo ya Wasambaa, ilikuwa kuiponya nchi, ndiyo kusema kuleta mvua na amani. Mfalme mwenye nguvu nchi yake hushiba. Wakuu wakishindana, nchi huharibika. Baada ya Kimweri kufa, wazao wake walipigana miaka mingi, na nchi ikaharibika kweli. Serikali ya Tanganyika ilikomesha madaraka ya machifu mwaka 1963. Lakini mkimwuliza mzee wa Usambara habari za mvua, mtashangaa jinsi mazungumzo yanavyogeuka upesi kuwa habari za uongozi.

Basi sasa twende. Njia tunayoipenda ni ile iendayo toka Lushoto hata Mtae, kaskazini kabisa mwa milima. Wenye nguvu huimaliza kwa siku tatu. Familia na iweke siku nne. Kila siku ni mwendo wa saa nne hata sita, pamoja na kupumzika.

Siku ya kwanza mtapita msitu wa Magamba na kulala Lukozi. Msitu huu ni wa hifadhi, na ruhusa ya kuingia hulipiwa. Kiongozi wenu atawaonyesha ofisi. Kila mtu awe na pasipoti au kitambulisho, na mwulize kwanza bei ya mgeni wa nchi jirani, maana nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mahali pengine jambo hilo hupunguza malipo. Ndani ya msitu punguzeni kelele. Milima ya Usambara ni ya kale sana, wala haikutoka katika moto kama volkano zetu za Virunga, na misitu yake imekaa mbali na misitu mingine kwa muda wa mamilioni ya miaka. Kwa sababu hiyo vimo viumbe visivyopatikana pengine po pote. Yuko kinyonga mwenye pembe mbili puani. Wataalamu walipolipa kundi lake jina jipya mwaka 2006, walichukua neno letu la Kiswahili, wakaliita Kinyongia. Iko mikubwa ya miti ya kafuri, ambayo jina lake la kitaalamu lina neno Usambara ndani yake. Na lile ua dogo la zambarau ambalo mabibi wa Ulaya na Amerika hulitunza katika vyungu dirishani, asili yake ni milima ya pande hizi. Afisa mmoja wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliwapelekea wataalamu wa kwao mwaka 1892, nao wakalibandika jina lake, Saintpaulia. Mimea hiyo imeuzwa kwa mamilioni duniani; sijui kama mama wa Usambara amewahi kupata senti moja.

Siku ya pili, toka Lukozi hata Rangwi, ni siku ya mashamba. Katika nyanda za juu hizi mwaweza kukutana na Wambugu, watu wa ng'ombe, ambao lugha yao imewashangaza wasomi wa dunia: sarufi yake ni ya Kibantu kama Kipare, bali maneno yake mengi hutoka katika lugha za Kikushi. Huko Rangwi ni bondeni, penye nyumba ya Masista wa Bibi Yetu wa Usambara. Masista hupokea wageni, wakiarifiwa mapema. Chumba ni safi, chakula ni cha moto, na bustani yao yafaa kutembelewa. Watu wengi tuliowauliza husema usiku wa Rangwi ndio waliopumzika vizuri kuliko usiku mwingine wote wa njiani.

Siku hiyo ya mashamba ndipo twataka kusema kwa nguvu kidogo. Mtaona miteremko mikali iliyolimwa hata juu, na mistari ya majani au matuta yaliyopangwa kukingama na mteremko ili kuzuia maji. Kazi hiyo ina historia chungu. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango katika bonde la Mlalo ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia haikuwa mbaya, maana udongo ulikuwa ukiondoka kweli. Lakini watu walilazimishwa kupiga matuta kila mahali kwa amri na faini. Mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, na wengi waliogopa kwamba mwishowe ardhi itachukuliwa. Walipinga miaka mingi, hata mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Tangu miaka ya 1980 kazi ilianzwa upya kwa njia nyingine, kwa kupanda miti na majani ya ng'ombe juu ya matuta, hivi kwamba mkulima apate faida papo hapo. Matuta mtakayoyaona leo mengi yalipigwa kwa hiari, kwa jembe la mkono, na mtu ambaye pengine anawatazama mnapopita.

Sasa mgeni hufanya nini? Huona njia inazunguka, akachoka kuzunguka, akakata moja kwa moja kwenda chini. Kiatu chake huvunja ukingo wa tuta. Mgeni wa pili humfuata. Masika ijayo maji hupata mlango hapo, na udongo wa mkulima huenda mtoni. Twaona ni jambo la haki kabisa kwamba mtu aliyekuja kupumzika asimharibie kazi mtu asiyepumzika. Fuateni njia iliyopo, hata ikizunguka mara kumi. Na kama ni lazima kukatiza shamba, ombeni kwanza.

Ndiyo maana pia twasema: msiende bila kiongozi. Si kwa hofu ya kupotea tu, ingawa njia ni nyingi mno na vijia vya mbuzi hufanana na vya watu. Kiongozi mzuri anajua shamba hili ni la nani, na mzee yupi asalimiwe. Tangu miaka ya 1990 viko vikundi vya viongozi Lushoto vyenye ofisi na vitambulisho. Kijana atakayewashika mkono stendi ya mabasi na kusema yeye ni kiongozi, mjibuni kwa upole kwamba mtakutana ofisini. Na ofisini ulizeni wazi: katika malipo haya, sehemu ipi yabaki kijijini, na kwa kazi gani? Kikundi chenye kazi njema hakichukizwi na swali hilo. Mkiona mtu anababaika, tafuteni wengine.

Maneno machache juu ya adabu. Kwetu Kongo "Jambo" humtosha mkubwa na mdogo. Kule sivyo. Mtoto akimkuta mtu mzima, na kijana akimkuta mzee, husema "Shikamoo", naye hujibiwa "Marahaba". Asiyeamkia hivyo huonekana hakulelewa. Wafundisheni watoto wenu neno hili kabla ya kuondoka, litawafungulia milango mingi kuliko fedha. Lugha yetu wataielewa, ila watacheka kidogo: sombe yetu kwao ni kisamvu, bukari ni ugali, lengalenga ni mchicha. Mavazi yawe ya heshima, magoti yafunikwe. Msipige picha ya mtu bila ruhusa yake. Msigawe peremende wala kalamu njiani, kwa maana watoto huacha masomo na kuanza kuwangoja wageni; mwenye zawadi ampe mwalimu mkuu mkononi.

Mzigo uwe mwepesi: viatu vilivyozoewa mguuni, vyenye meno chini, koti la mvua hata wakati wa kiangazi, tochi, chupa ya maji yaliyochemshwa, fimbo, ambayo kiongozi atawakatia. Fedha taslimu za kutosha chukueni Lushoto, maana baada ya hapo hamtaona benki.

Siku ya mwisho toka Rangwi hupanda tena, hukata misitu na vijiji, na mwisho njia hutembea juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Hapo ndipo Mtae. Nyumba zimesimama juu ya mgongo huo, kushoto pengo na kulia pengo. Chini kaskazini ni nyanda za Mkomazi zilizo hifadhi ya wanyama, mbele ni milima ya Upare, na anga likiwa safi asubuhi na mapema, Kilimanjaro huonekana mbali, mweupe kichwani. Hamtalipia kitu kumwona. Wengine huja Mtae kwa gari, hutazama nusu saa, wakarudi. Ninyi laleni hapo. Jioni ukungu hupanda toka nyikani na kuujaza mji, hata jirani humwita jirani bila kumwona, na asubuhi hushuka tena ukiacha milima kama visiwa.

Basi la kurudi Lushoto huondoka Mtae kabla ya mapambazuko, ili wauza mboga wawahi mjini. Mwambieni kiongozi awaandikie viti tangu jioni, lipeni mapema wenye nyumba mliyolala, na muwe barabarani na mizigo yenu mapema, kwa sababu dereva hamngoji mtu, na viti vya mbele huchukuliwa na akina mama wenye makapu.